Usiku Ambao Hakuna Kilichotokea

Msomaji mwenzangu, naomba nianze na swali lililoninyima usingizi tangu mwaka juzi. Mtu amelinda mlango wa duka miaka 19, na katika miaka yote hiyo duka halikuvunjwa hata mara moja. Je, mtu huyo alifanya kazi, au alikaa bure akala mshahara?

Usinijibu haraka. Mimi nilijibu haraka nikaja kujuta.

Mtu mwenyewe ni baba yangu mzazi. Alikuwa korokoroni wa duka la vifaa vya ujenzi pale Kariakoo. Jina la tajiri nalihifadhi, maana nia yangu si kumwanika mtu. Zana za Baba zilikuwa rungu, tochi, filimbi, koti zito la mitumba, na daftari. Kila alfajiri kabla ya kukabidhi lindo aliandika tarehe, na mbele ya tarehe maneno mawili: "Hali shwari." Daftari likijaa tajiri humpa jingine.

Mwaka juzi tajiri akafunga kamera nne dukani. Akamwita Baba, akamkaribisha kiti, akampa na soda, kisha akamwambia kwa upole kabisa: "Mzee wangu, nimepiga hesabu. Miaka yote hii hatujaibiwa hata msumari. Sasa hebu niambie, nilikuwa nakulipa kwa kazi gani?"

Baba hakujibu. Alirudi nyumbani Buguruni na madaftari yake ndani ya kiroba, akayaweka juu ya kabati, akakaa barazani. Mama alimuuliza mara mbili kama atakula. Mimi nilitoka nje nikiwa nimefura kwa hasira, nikamtukana tajiri moyoni matusi yote niyajuayo. Hasira ilipopoa ndipo nikagundua jambo la kutisha: jibu la lile swali sikuwa nalo. Kama mwizi hakuja kwa sababu Baba alikuwepo, hilo nitalithibitisha vipi? Na kama mwizi hakuwa na mpango wa kuja hata kidogo?

Na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuumia. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na tangu hapo ndoto yangu ni kuandika riwaya. Mswada wangu wa kwanza unamhusu mlinzi wa usiku. Kila mshikaji niliyempa ausome alinirudishia akisema maneno yale yale: "Kaka, Kiswahili chako kizuri, lakini mbona hakuna kinachotokea?" Baba na mimi tulikuwa tumeshtakiwa kosa moja.

Jibu nilianza kuliona mahali ambapo sikutegemea. Nilikuwa nachakura vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini kule Posta nikapata gazeti la zamani la mambo ya ndege, halina jalada, kurasa zimekunjika pembe. Nililinunua kwa sababu ya picha moja. Ilionyesha ndege mbili zikiruka bega kwa bega juu ya bahari ya kijivu. Moja kubwa mno, ina mapanga, ina nyota nyekundu. Nyingine ndogo, ya Wamarekani, imejibanza pembeni mwake kama kijana anayemsindikiza mzee wake kituo cha basi. Nikajiuliza: hawa si walikuwa maadui? Mbona hawapigani? Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu ya kikosi cha ile ndege ndogo, na hapa nakusimulia kwa ufupi.

Kinaitwa Kikosi cha 57 cha ndege za kuzuia, cha Jeshi la Anga la Marekani. Neno kuzuia ndilo la kulishika. Ndege ya namna hii haitumwi kwenda kulipua mji wa watu. Inakaa nyumbani, ndani ya banda, mafuta yamejaa, makombora yamefungwa, inasubiri. Rubani naye yuko chumba cha jirani na nguo zake za kazi, anacheza karata au anasoma barua. Rada ikiona ndege isiyojulikana inakuja, kengele inalia, rubani anakimbia, na baada ya dakika chache tu yuko hewani. Kazi yake ni kuiwahi ile ndege ngeni kabla haijafika, kuisogelea, kuitambua ni ya nani na inafanya nini. Ikibidi, na amri ikitolewa, aipige.

Kikosi hicho kilipelekwa Keflavik, nchini Aisilandi, mwaka 1954, na huko kikakaa mpaka kilipovunjwa mwaka 1995. Miaka 40 na ushei. Aisilandi ni kisiwa cha baridi kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, na wakati ule kilikuwa na watu kama laki moja na nusu tu, yaani hawajai hata wilaya moja ya jiji letu. Nchi hiyo ilijiunga na NATO mwaka 1949 ikiwa haina jeshi, na mpaka leo haina. Mwaka 1951 ilitiliana saini na Marekani mkataba wa kulindwa. Kwa lugha ya mtaani kwetu, ilikuwa nyumba isiyo na korokoroni, ikaajiri wa jirani.

Kwa nini kisiwa hicho kilindwe namna hiyo? Tazama ramani. Kati ya Grinlandi, Aisilandi na Uingereza kuna bahari ambayo ni kama mlango. Nyambizi na ndege za Umoja wa Kisovieti zilizotoka kwenye kambi za Rasi ya Kola, kaskazini kabisa mwa Urusi, zilipaswa kupita mlango huo kama zilitaka kuingia Atlantiki. Na zilipita. Ndege kubwa za Tu-95, ambazo NATO walizipa jina la Dubu, zilishuka na bahari hiyo mwaka hadi mwaka, nyingine zikiendelea mpaka Kyuba. Dubu lina injini 4, kila injini ina mapanga mawili yanayozunguka kinyume, na mlio wake mkubwa hata rubani wa ndege ya pembeni huusikia.

Basi kila Dubu lilipoonekana, vijana wa Keflavik walipanda. Walianza na ndege za F-89, mwaka 1962 wakapata F-102, mwaka 1973 wakapewa F-4, na mwaka 1985 F-15. Ndege zilibadilika na marubani walibadilika, kazi ikabaki ile ile. Kupanda, kuwahi, kusogea mpaka unaona sura ya mtu dirishani, kupiga picha, kusindikiza, kurudi. Picha zipo za askari wa Kirusi ndani ya kioo cha mkiani akiwapungia mkono hao waliokuja wakiwa wamebeba makombora ya kumuua. Nao wakapunga.

Sasa nikwambie jambo moja kuhusu ile F-102 lililonifanya nifunge gazeti nikae kimya. Ilibeba makombora na roketi, haikuwa na mzinga. Mwenye mzinga anaweza kupiga risasi pembeni, kumwonya mtu, kumwambia "hebu simama kwanza." Rubani wa F-102 hakuwa na hiyo hatua ya katikati. Alikuwa na kutazama, na alikuwa na kuua. Kwa zaidi ya miaka 10 vijana wa Keflavik walipanda na ndege hiyo kukutana na adui, na kila mara walichagua kutazama.

Kwa hiyo matokeo ya miaka 40 ni nini? Hawakuangusha Dubu hata moja, na Dubu halikuwapiga bomu. Umoja wa Kisovieti ukasambaratika mwaka 1991, Dubu likaadimika, na mwaka 1995 kikosi kikavunjwa. Mwaka 2006 Wamarekani wakafunga kambi yao ya Keflavik wakaondoka. Hesabu ya wakubwa wa Washington haikuwa mbali sana na ya yule tajiri wa Kariakoo: siku hizi wezi hawaji, tunalipa kwa kazi gani? Mwaka uliofuata, 2007, Urusi ikatangaza kwamba ndege zake za masafa marefu zinarudi doria, na kuanzia mwaka 2008 nchi za NATO zikawa zinapeana zamu ya kupeleka ndege zao Aisilandi kwa muda.

Nilimsimulia mshikaji wangu mmoja hadithi hii nikidhani nimeshinda kesi. Nikamwambia, unaona? Mlinzi akiondoka mwizi anarudi. Jamaa akacheka. "Acha hizo bwana," akasema. "Dubu limerudi, sawa, limepiga bomu? Halijapiga. Basi huenda hata zamani halikutaka kupiga. Walikuwa wanapitapita tu kutishana. Kikosi chako kimekula mafuta miaka 40 kusindikiza wapita njia."

Nilikasirika, lakini nawaombeni tuwe wakweli: jamaa alikuwa na hoja. Mtu anayesema "mimi ndiye niliyezuia lisitokee" anatuuzia bidhaa ambayo haionekani. Mganga atakwambia hirizi yake imekukinga na ajali, na wewe ambaye hujapata ajali utambishia kwa lipi? Kama thamani ya mlinzi ni wezi ambao hawakuja, basi thamani hiyo haihesabiki, na tajiri ana haki ya kuuliza.

Kuna na upande mwingine ambao jamaa hakuujua, nami nisingekuwa mkweli kama ningeuficha. Mlinzi naye ana gharama kwa anayelindwa. Siku Bunge la Aisilandi lilipopitisha kujiunga na NATO, tarehe 30 Machi 1949, watu walijaa nje ya Bunge mjini Reykjavik, zikapigwa ghasia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi. Mwaka mmoja kabla yake mwandishi wao mkubwa, Halldór Laxness, alikuwa ametoa riwaya yake ya Atómstöðin juu ya wanasiasa wanaouza nchi ili ijengwe kambi. Huyo ndiye aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1955. Na kuanzia mwaka 1960 wapinzani wa kambi walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka Keflavik mpaka Reykjavik, kilometa kama 50, wakidai walinzi warudi kwao. Hoja yao ilieleweka: ukiweka mlinzi mwenye silaha mlangoni, umemwonyesha adui mahali pa kupiga.

Na kuna la aibu zaidi. Serikali ya Aisilandi iliwaomba Wamarekani kwa siri wasilete askari weusi kisiwani, na Wamarekani wakakubali. Hali hiyo ilidumu tangu mwanzo wa miaka ya 1950 mpaka ndani ya miaka ya 1960. Mimi Mswahili mweusi ninayekaa Buguruni nikisifu kikosi hiki, ambacho jina lake la utani ni Black Knights, yaani mashujaa weusi, naona nikumbuke kwamba kuna miaka ambapo mtu wa rangi yangu asingeruhusiwa hata kufagia banda la ndege zao. Walilinda anga, na papo hapo walilinda na chuki. Mlinzi halindi mlango tu, analinda na mambo ya mwenye nyumba, mazuri na machafu.

Hapo nikakaribia kukata tamaa. Nikasema mh, labda tajiri yuko sahihi, labda kazi ya kulinda ni maneno matupu.

Kilichoniokoa ni kisa cha upande wa pili, upande wa Warusi. Nao walikuwa na vikosi vya kuzuia, tena vingi kuliko vya Wamarekani, wakisubiri ndani ya mabanda yao vile vile. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya abiria ya shirika la Korea Kusini, safari namba 007, ilitoka Anchorage kwenda Seoul. Kwa kosa la marubani katika kutumia mitambo ya kuongozea njia, wenyewe wasijue, ikapotea ikaingia anga ya Kisovieti juu ya Kamchatka. Usiku huo huo ndege ya kijasusi ya Marekani ilikuwa imezunguka karibu na eneo hilo. Ndege za kuzuia zikapanda zikaikosa. Ile ya abiria ikatoka, ikaelekea kisiwa cha Sakhalin, na huko wakubwa walikuwa tayari wamepandwa na homa: imetuponyoka mara moja, isituponyoke mara ya pili.

Rubani Gennadi Osipovich akapanda na ndege yake ya Su-15. Aliikuta. Alipiga risasi za mzinga kuionya, lakini risasi zenyewe hazikuwa za kuwaka, na katika giza lile hakuna ambaye angeziona. Miaka baadaye, nchi ilipofunguka, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba aliona taa za ile ndege na safu mbili za madirisha, na akajua si ndege ya kivita. Lakini wa chini hawakumuuliza aina ya ndege, naye hakuwaambia. Dakika zilikuwa zinakwisha, ndege ile ilikuwa karibu kutoka kwenye anga yao. Amri ikaja, akafyatua makombora mawili. Watu 269 wakafa, wote waliokuwemo.

Nisionekane napendelea upande: tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, Vincennes, iliangusha ndege ya abiria ya Iran kwenye Ghuba, wakidhani ni ndege ya kivita, wakafa watu 290. Kosa hili halina taifa.

Fikiria basi. Osipovich alikuwa na kazi ile ile ya vijana wa Keflavik, kengele ile ile, mbio zile zile. Ukimuuliza tajiri, atasema Osipovich ndiye mlinzi aliyefanya kazi, maana usiku wake kuna kilichotokea, tena kimeandikwa magazeti ya dunia nzima. Na wale wa Keflavik, wenye kumbukumbu za safari zinazofanana mpaka zinachosha, ndio waliokaa bure.

Hapo ndipo nilipoona tulipokosea wote: tajiri, jamaa yangu, na mimi. Tulikuwa tunahesabu wezi. Tunauliza wangapi walikuja, wangapi waliogopa. Hilo hatutalijua kamwe. Lakini kuna jambo ambalo linajulikana kabisa na lilitokea kila usiku: mtu mwenye silaha alikutana gizani na kitu asichokijua, akasogea, akatazama vizuri, akatambua, akarudi nacho kikiwa hai. Hilo ni tendo. Lina saa yake na mahali pake. Lingeweza kwenda vingine, na upande wa pili wa dunia lilikwenda vingine.

Jamaa alinibana tena hapa. "Kwa hiyo mlinzi bora ni asiyefanya kitu? Basi na aliyelala ni bora, naye hakufyatua."

Hapana. Aliyelala hakufyatua kwa sababu hakutazama. Hakuwahi kuwa na kitu mkononi cha kukizuia. Ninayemsema ni yule aliyeamka, akakimbia, akafika karibu kiasi cha kuua, akawa na uwezo na sababu na hofu, kisha akatumia hizo dakika chache kuuliza: huyu ni nani? Kamera za tajiri zinaona usiku kucha bila kusinzia, nakubali. Lakini kamera haimuulizi mtu swali hilo.

Sasa naomba nikuambie kwa nini nimelishikilia jambo hili kama vile ni langu. Ni langu.

Nilikuwa kidato cha pili. Jioni moja Mama alinituma nimpelekee Baba chakula lindoni, mvua kubwa ikashika, daladala zikaadimika, Baba akasema nilale pale pale barazani mpaka asubuhi. Wiki hiyo mtaa wa pili kijana mmoja alikuwa amepigwa na kuchomwa moto kwa tuhuma za kuiba simu. Sote tulikuwa tunalizungumzia hilo, na mimi shuleni nilisimulia kama sinema.

Usiku wa manane nikasikia bati linagonga nyuma ya duka, kwenye uchochoro. Nikamwona mtu anaingia chini ya mkokoteni uliopakiwa pale. Moyo ukanipiga. Nikavuta pumzi nipige yowe, na wewe msomaji unalijua neno nililotaka kulipiga. Ni neno moja, na katika jiji hili ukilipiga saa nane za usiku watu hutoka milangoni na mawe kabla hawajauliza. Kama F-102, halina hatua ya katikati.

Baba aliniziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa kinanuka mafuta ya taa na dagaa. Akaninong'oneza: "Tulia, tumwone kwanza." Filimbi ilikuwa imening'inia shingoni mwake, hakuigusa. Akachukua tochi, akaenda polepole kwenye mvua, rungu kwapani, akainama, akamulika.

Alikuwa mtoto. Umri wangu, labda pungufu ya hapo. Amejikunja chini ya mkokoteni, amejifunika kipande cha turubai alichokichomoa kwenye mzigo wa tajiri. Meno yanagongana. Baba alimmulika usoni, kisha mikononi, kisha akazima tochi. Alimuuliza mambo mawili matatu ambayo sikuyasikia. Alirudi, akachukua ugali uliobaki kwenye bakuli, akampelekea. Alfajiri mtoto akakunja turubai vizuri, akalirudisha mahali pake, akasema, "Shikamoo mzee," akaondoka kuelekea Jangwani. Sijamwona tena.

Miaka yote hii kisa hicho nilikuwa sikisimulii, kwa sababu kila nikikisimulia inabidi niseme na ile pumzi niliyokuwa nimeivuta. Ingetoka, yule mtoto angekufa mbele yangu, na muuaji wa kwanza ningekuwa mimi, hata kama nisingeokota jiwe. Na nisingekuwa na kosa machoni pa mtu. Wangenisifu: kijana yuko macho, amemwona mwizi.

Baada ya kusoma habari za Osipovich nilipanda juu ya kiti nikashusha kile kiroba. Nilitafuta madaftari mpaka jioni. Tarehe siikumbuki, lakini mwezi naukumbuka, na mvua naikumbuka. Nikaukuta. Mwandiko wa Baba, kalamu ya buluu, umelowa kidogo pembeni: "Hali shwari. Mvua."

Nilimwendea barazani nikamuuliza kwa nini hakumwandika yule mtoto. Hakushangaa kwamba nakumbuka. Akasema: "Ningemwandika, tajiri angeuliza kwa nini sikupiga filimbi."

"Na ungemjibu nini, Baba?"

"Ningemjibu kwamba hakuwa mwizi. Angeuliza nimejuaje." Akanyamaza kidogo. "Nilijua kwa sababu nilikwenda kutazama. Lakini hilo ukiliandika linakuwa refu, na mstari wenyewe ulikuwa mmoja."

Basi jibu langu kwa tajiri, kama angekuja leo kuuliza, ni hili. Sijui ni wezi wangapi walioliogopa rungu la Baba, pengine hata mmoja hayupo, na sitabishana nawe tena kwa hilo. Lakini usiku mmoja naujua, nilikuwepo, na asubuhi yake mtu alitembea kwa miguu yake kutoka dukani kwako. Nyusiku nyingine nani ajuaye zilikuwa na nini ndani, maana madaftari yote yanasema neno lile lile. Ulimlipa Baba kwa hilo pia, ingawa hukujua, na ulimlipa kidogo.

Na kwenu wenzangu mnaoandika, mnaoambiwa kama nilivyoambiwa mimi kwamba hadithi zenu hazina kinachotokea: siwafundishi, maana na mimi bado najifunza, na riwaya yangu haijapata mchapaji. Nimeuchukua ule mswada nimeuanza upya. Zamani nilikuwa nimempa yule mlinzi jambazi wa kupambana naye sura ya mwisho, ili wasomaji waridhike. Nimemfuta jambazi. Sasa kuna mkokoteni, mvua, na mtu anayeinama na tochi. Nimefika pale anapoinama, na nimekwama, kwa sababu sijapata maneno ya zile sekunde kabla hajaiwasha. Baba nimemsomea mara mbili. Ameniambia nisiharakishe hapo.